Kivu ya Kusini: Herpesi haisemi nani aliyeileta nyumbani

BUKAVU – Mgonjwa wa herpesi ya sehemu za siri mara nyingi haanzii hospitalini. Anaanzia farmasi, jioni, wakati wateja wamepungua. Anangoja mama mwenye mtoto wa homa amalize kununua, kisha anainama kwenye dirisha na kumnong'oneza muuzaji, ambaye kila mtu humwita dokta hata kama hakusomea udaktari, kwamba ana upele kidogo huku chini. Hakuna anayemwangalia upele huo. Anatoka na antibiotiki ndani ya mfuko mweusi, pengine na sindano ya kwenda kuchomwa kwa jirani, pengine na pomadi.

Siku zinapita, vidonda vinakauka, mgonjwa anaisifu dawa. Lakini antibiotiki haiui kirusi. Vidonda vya herpesi hukauka vyenyewe, hata kama mgonjwa angekunywa maji tu. Ndiyo maana kila anayeuza kitu kwa ajili ya ugonjwa huu anapata watu wa kumtolea ushuhuda: mwenye mizizi, mwenye mafuta ya maombi, mwenye vidonge vya rangi mbili. Miezi miwili au mitatu baadaye malengelenge yanarudi mahali pale pale, na hofu ya mara hii inapita ile ya kwanza. Dawa imeshindwa, basi ni Sida. Au ni Mpox. Au kuna mtu amemtendea kitu.

Jina la herpesi ni geni kwa wengi hapa Kivu, lakini ugonjwa wenyewe si mgeni. Mwezi Desemba 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba watu karibu milioni 846 wenye umri kati ya miaka 15 na 49 wanaishi na herpesi ya sehemu za siri. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuona kidonda, au waliona mkwaruzo mdogo wakadhani ni wembe au nguo iliyobana.

Virusi vyenyewe ni viwili, ni kama ndugu. HSV-1 ndicho kinacholeta vidonda vya mdomoni, vile vinavyotokea baada ya homa. Watu wengi hukipata tangu utotoni, hata kwa busu la shangazi. HSV-2 hupita zaidi kwa njia ya ngono. Lakini HSV-1 pia kinaweza kutoka mdomoni na kuingia sehemu za siri, mtu akitumia mdomo katika tendo la ndoa. Kikishaingia, kirusi hupanda kwenye mishipa ya fahamu na kujificha karibu na uti wa mgongo, upande wa chini. Kinalala huko maisha yote. Siku kinapoamka hushuka kwa njia ile ile, na ndiyo sababu vidonda hutokea karibu na mahali pa kwanza.

Tangu 2023 kuna jambo lingine lililochanganya watu. Mwezi Septemba mwaka huo, aina mpya ya Mpox ilianza kusambaa katika mji wa dhahabu wa Kamituga, eneo la Mwenga, na wagonjwa wengi walikuwa na vidonda sehemu za siri. OMS iliutangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya dunia nzima tarehe 14 Agosti 2024, na hali hiyo ya dharura iliondolewa Septemba 2025. Matangazo ya redio yaliwafundisha watu kutazama ngozi zao, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mtu mwenye malengelenge madogo ya herpesi sasa anaogopa kutengwa, anaamua kubaki nyumbani. Kwa kawaida Mpox huja na homa, matezi yaliyovimba, na vipele usoni, viganjani au mahali pengine mwilini. Herpesi hutoa malengelenge madogo yaliyokusanyana, yanayowasha na kuunguza, na tabia yake kubwa ni kurudi. Hata hivyo si jirani wala si simu vinavyoweza kutofautisha. Kidonda kile kile kinaweza kuwa kaswende, ambayo wengi huiita sifilisi, na kaswende ina dawa inayoiponya kabisa. Anayejitibu kwa kubahatisha anaweza kuiacha iendelee ndani kwa miaka.

Maumivu ya mwili, basi, yana njia. Linalovunja nyumba ni swali la nani ameileta.

Mume amefanya miezi sita kwenye machimbo ya Misisi. Anarudi, na wiki tatu baadaye mkewe anapata malengelenge. Mtaa mzima una jibu. Nyumba nyingine, mke ndiye anayevuka Ruzizi kila asubuhi kwenda kuuza Kamembe, na mume aliyekosa kazi anabaki na watoto. Siku mume anapoona kidonda mwilini mwake, naye jibu analo tayari. Vikao vya familia vinaitishwa, mahari inatajwa, mama anarudishwa kwa wazazi wake na mtoto mgongoni.

Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya uongo. Kirusi hiki kinaweza kulala miaka mingi bila alama yoyote. Mtu anaweza kukipata akiwa na miaka 19, kabla hajamjua mwenzi wake wa leo, akaona kidonda cha kwanza akiwa na miaka 35, wakati mwili umechoka kwa ugonjwa, mimba au mawazo ya vita. Anaweza pia asione kidonda hata siku moja na bado akamwambukiza mwenzake, kwa kuwa kirusi hutoka kwenye ngozi hata siku ambazo ngozi inaonekana safi. Mume na mke walioishi kwa uaminifu miaka kumi wanaweza kukutana na herpesi mwaka wa kumi na moja. Kweli, uzinzi nao upo, na herpesi haiufuti. Lakini haiuthibitishi.

Wengine hukimbilia kipimo cha damu wakidhani kitakuwa hakimu. Kipimo hicho hutafuta alama ambazo kinga ya mwili imeacha baada ya kukutana na kirusi. Hakiandiki tarehe, hakiandiki jina. Alama hizo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi mitatu au zaidi, kabla ya kuonekana, na kuna majibu yanayokosea. Kipimo kizuri zaidi ni cha majimaji yanayochukuliwa kwenye kidonda chenyewe, siku za kwanza kabla hakijakauka, lakini si kila kituo chetu kina maabara ya kukifanya. Hata pale daktari anapoona homa, mitoki iliyovimba kwenye mapaja na vidonda vingi, dalili zinazoelekea kwenye maambukizi mapya, bado hawezi kusema kama aliyeambukiza alijua kwamba anacho kirusi.

Kwa hiyo namna ya kumwambia mwenzi ina uzito wake. Usiku, katikati ya maumivu na hasira, si saa nzuri. Mbele ya mama mkwe ni vibaya zaidi. Kinachosaidia ni kwenda wawili mbele ya muuguzi au mshauri, yeye aeleze kwanza jinsi kirusi kinavyolala, ndipo maswali yaanze. Vituo vya afya vya hapa vina uzoefu wa kazi hiyo: ndivyo wanavyopokea wanandoa kwa kipimo cha VIH, hasa wakati wa CPN. Mgonjwa anaweza kuomba kikao cha namna hiyo kwa herpesi pia, ingawa wengi hawajui kwamba inaruhusiwa kuomba.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi hufuata mwongozo wa magonjwa ya zinaa unaoanza na dalili, si na maabara. Akiona kidonda sehemu za siri, anafikiria kaswende na herpesi kwa pamoja, na anaweza kutoa dawa za yote mawili siku hiyo hiyo. Mgonjwa asishangae kuombwa kipimo cha VIH na cha sifilisi. Mwenye HSV-2 ana hatari karibu mara tatu zaidi ya kupata VIH akikutana nacho, kwa hiyo kipimo hicho si tusi.

Dawa ya herpesi ni asikloviri, inayoandikwa Aciclovir kwenye paketi. Imo kwenye orodha ya dawa za lazima za OMS. Haiondoi kirusi mwilini, ila inafupisha siku za vidonda, hasa ikianza kunywewa mapema, na kwa wale wanaopata vidonda mara kwa mara daktari anaweza kuandika dozi ya kila siku ya kuvizuia. Vidonge ndivyo vinavyofanya kazi. Pomadi ile ile haisaidii sana kwa sehemu za siri. Vita vimevuruga njia za kufikisha dawa, kwa hiyo ni busara kuuliza kama ipo kabla ya kulipa motari kwenda kituo cha mbali. Nyumbani, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo hutuliza, na mwanamke anayelia kila anapokojoa anaweza kumwagia maji sehemu hiyo wakati huo huo ili mkojo usiunguze. Akishindwa kabisa kukojoa, aende hospitali bila kusubiri.

Mama mwenye mimba ana sababu ya pekee ya kusema. Herpesi haizibi kizazi, na wanawake wengi wanaoishi nayo huzaa watoto wazima kwa njia ya kawaida. Hatari kubwa ni kuambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, kwa sababu mwili wa mama haujapata muda wa kutengeneza kinga ya kumpa mtoto, na herpesi ya mtoto mchanga, ingawa ni nadra, inaweza kuua. Mkunga akijua mapema, anaweza kumpa mama vidonge mwishoni mwa mimba, na kama kuna vidonda siku ya uchungu daktari anaweza kuamua kumpasua. Anayeficha kwenye CPN anamnyima mkunga nafasi hiyo.

Kuna wale ambao swali la nani aliyeileta lina jibu, na jibu lenyewe ni bunduki. Aliyebakwa anatakiwa kufika hospitalini kabla ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia VIH, pamoja na za kuzuia mimba na magonjwa mengine. Hospitali ya Panzi hapa Bukavu, iliyoanzishwa 1999 na Daktari Denis Mukwege, mshindi wa tuzo ya Nobel ya Amani 2018, inajulikana kwa kazi hiyo, na Goma kuna HEAL Africa. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba dawa hizo za dharura hazizuii herpesi. Malengelenge yanaweza kutokea kati ya siku 2 na 12 baada ya tendo. Mwanamke aliyetibiwa vizuri siku ya kwanza akiona vidonda wiki iliyofuata, asidhani alidanganywa wala asione haya kurudi.

Kwa wengine, mtu asitafute kibao kilichoandikwa herpesi barabarani. Huduma hiyo iko ndani ya nyingine: chumba cha ushauri wa VIH kwenye kituo cha afya, kwa kuwa mpango wa taifa wa kupambana na Sida, PNLS, unashughulikia pia magonjwa ya zinaa, huduma za uzazi wa mpango, na shirika la ABEF-ND, lenye vituo katika miji kadhaa ya nchi na linalopokea pia vijana wasiooa. Sheria ya makosa ya jinai ya Congo inamwadhibu mhudumu anayetoa nje siri ya mgonjwa. Lakini pale ambapo pazia moja linatenganisha vitanda vitatu, sheria haizuii sikio la jirani. Ndiyo sababu mtu wa Kadutu hupanda gari kwenda kutibiwa Bagira, na wa Bagira akashuka Kadutu. Wahudumu wanaweza kupunguza safari hizo kwa kufunga mlango na kuuliza kwa sauti ya chini. Haligharimu franga.

Mchungaji au padri naye hupata habari hizi mapema, wakati mwingine kabla ya daktari. Kumwombea mgonjwa hakuzuii kumwambia aende na paketi ya dawa aliyonunua, aionyeshe kituoni.

Mwaka wa kwanza ndio mgumu. Baadaye, kwa watu wengi, vidonda hupungua na kuwa vifupi, na mgonjwa hujifunza kuutambua mwili wake: kuwashwa kidogo, mchomo kwenye tako au paja, siku moja au mbili kabla. Hapo anaanza vidonge alivyoandikiwa na kuviweka nyumbani, na anajizuia kulala na mwenzake hadi ngozi ipone kabisa. Siku nyingine kapoti hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa kuwa haifuniki ngozi yote. Taulo, choo cha uani na sahani ya pamoja havina hatia. Watoto wanaweza kuendelea kulala kitandani mwa mama yao.