Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa: Istilahi za Kiswahili katika Elimu ya Afya Mjini Gisenyi

Utangulizi

Tangu mwaka 2017, Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, lugha hii haikungoja sheria: biashara ya mpakani na Goma iliifikisha zamani vinywani mwa wachuuzi, wakiwemo wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa. Makala hii inafafanua kasoro mbili za kuzaliwa za ubongo na uti wa mgongo, na kuhoji iwapo majina yake yanamsaidia mama kuchukua hatua mapema.

Ufafanuzi wa kasoro

Mfumo wa neva huanza kama utando bapa unaojikunja kuwa mrija. Mrija huo hufunga takribani siku 28 baada ya mimba kutungwa. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi; usipofunga upande wa juu, ubongo haukui na mtoto haishi. Wengi wenye mgongo wazi hupatwa pia na kichwa kikubwa, kwa kuwa maji ya ubongo hukosa njia na kujaa ndani ya fuvu.

Suala la istilahi

“Mgongo wazi” ni jina linaloeleza kasoro yenyewe. “Kichwa kikubwa” hutaja dalili tu. Mzazi anaweza kudhani ni umbo la mtoto, akasubiri, ilhali shinikizo la maji linaharibu ubongo. Tena, si kila kichwa kikubwa ni cha kuzaliwa: utafiti wa Benjamin Warf huko Mbale, Uganda, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto waliochunguzwa waliupata ugonjwa huo kutokana na maambukizi. Tunapendekeza jina hilo liambatane daima na maelezo “maji kujaa kichwani”.

Hitimisho

Mwanamke hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba na katika miezi 3 ya mwanzo. Anayesubiri hadi kliniki ya wajawazito huwa amechelewa, kwani mrija umekwishafunga au umebaki wazi. Kwa hiyo ujumbe huu hauna budi kumfikia sokoni na mpakani, katika lugha anayofanyia biashara, kabla hajawa mgonjwa wa mtu yeyote.