Sindano si dawa ya chunjua

Mtoto wa Muhoroni, kaunti ya Kisumu, akianza kuchechemea, mzazi humfikiria funza kwanza. Ana sababu, maana watoto wengi hukatiza vumbi na mashamba ya miwa pekupeku. Sindano inachukuliwa, unyayo unachokonolewa, damu inatoka, funza haonekani. Wiki kadhaa baadaye palepale pamekuwa pagumu na kando pameota vinundu vingine viwili. Ilikuwa chunjua, na huenda ile sindano ndiyo iliyosaidia kuisambaza.

Basi tuangalie kwanza. Funza huacha doa moja jeusi katikati ya uvimbe mweupe, mara nyingi pembeni mwa kucha, na huwasha. Chunjua huwa na vidoa vyeusi kadhaa kama chembe za mchanga, navyo ni vishipa vilivyogandiwa na damu. Mistari ya ngozi hukatika ikiifikia, na mtoto huumia zaidi ukiibana ubavuni kuliko ukiibonyeza juu.

Chura anayesingiziwa kuleta chunjua hana hatia. Chunjua huletwa na virusi vya HPV, vyenye aina zaidi ya 200, vinavyoingia kwenye mkwaruzo au ukucha unaotafunwa. Hubaki tabaka la juu la ngozi, haviingii damuni, ndiyo maana kinga ya mwili huchelewa kuvigundua. Ikivigundua huviondoa yenyewe: karibu nusu ya watoto hupona ndani ya mwaka bila dawa yoyote. Hakuna mzizi wa kung'oa.

Inayouma ndiyo ya kutibu. Duka la dawa huuza asidi ya salisiliki, kwa kawaida ya asilimia 17. Kila jioni loweka mguu dakika tano katika maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, paka Vaseline kuizunguka, kisha dondoshea dawa juu ya chunjua peke yake. Jiwe hilo lisiguse mguu mwingine. Dawa isipakwe usoni wala sehemu za siri. Kazi hii huweza kuchukua wiki 12, na wengi huchoka mapema wakageukia wembe au maji ya betri. Nawasihi, msifanye hivyo. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, huunguza hadi nyama, na kovu la unyayo huweza kuuma kwa miaka.

Funika chunjua kwa plasta, mtoto avae ndala bafuni, kila mtu awe na taulo lake.

Chunjua zikienea upesi usoni na mikononi, mpeleke hospitali, maana huenda kinga ya mwili imedhoofika, na kipimo cha VVU kisiogopwe. Kisumu ni kati ya kaunti zenye mzigo mkubwa wa virusi hivyo. Zikiota sehemu za siri, nenda mara moja, na umsikilize mtoto bila kumfokea. Chanjo ya HPV wanayopewa wasichana nchini Kenya tangu Oktoba 2019 hukinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, haizuii chunjua za nyayo.

Kujua kama imepona, osha unyayo uutazame juani. Mistari ya ngozi ikipita pale bila kukatika, acha dawa.