Duka la Dawa Si Duka la Chumvi

Mtu akishikwa na homa usiku katika Ruashi, asubuhi yake huenda wapi kwanza? Wengi hawaendi hospitali. Huenda famasi. Ni karibu na nyumba, hakuna kungoja tangu alfajiri, wala hakuna pesa ya kadi. Mtu husema, "Nipe dawa ya homa," hutoa franka zake, hupewa vidonge katika karatasi, naye hurudi nyumbani. Kwa hiyo yafaa tujue famasi ni nini, na mtu anayekaa nyuma ya meza yake yampasa kufanya nini, na sisi tunaonunua yatupasa kuuliza nini.

Zamani haikuwa hivi. Mtu aliyefanya kazi ya Union Minière alitibiwa katika hospitali ya kampuni, pamoja na mke wake na watoto wake. Serikali ilipotwaa kampuni mwaka 1967, ile iliyokuja kuitwa Gécamines iliendelea na desturi hiyo. Lakini katika miaka ya 1990 kazi ya migodi ilianguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Baba alipopoteza kazi, jamaa yake ilipoteza na dawa. Tangu hapo watu wengi wa Lubumbashi wamejifunza kununua dawa wenyewe, na famasi imekuwa mlango wa kwanza wa mgonjwa. Mlango huu waweza kumwokoa mtu, tena waweza kumdhuru.

Mfamasia ni nani? Ni mtu aliyesoma dawa miaka mingi katika chuo kikuu, kama kile cha Lubumbashi. Anajua dawa imetengenezwa kwa nini, inafanya nini mwilini, inapatana na dawa gani na inapigana na dawa gani. Katika nchi yetu wafamasia wana baraza lao tangu mwaka 1991, nalo huandika majina ya wenye haki ya kufanya kazi hiyo. Lakini si kila mtu aliyevaa koti jeupe ni mfamasia. Katika maduka mengi madogo anayeuza ni kijana aliyefundishwa kazi kwa kutazama tu. Si dhambi kumwuliza kwa upole, "Mfamasia wa hapa ni nani? Anakuja siku gani?" Duka jema halifichi jina lake.

Muuza chumvi hana haja ya kujua unapika nini. Mfamasia hana budi kujua. Atauliza dawa ni ya nani, mtoto ana miaka mingapi na uzito gani, homa ilianza lini, mama ana mimba au ananyonyesha, amekwisha kumeza dawa gani nyingine. Watu wengine hukasirika. Husema, "Mimi nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa." Ndugu, usikasirike. Yuko muuzaji wa kuogopwa kweli, naye ni yule anayekupa dawa bila kukuuliza neno. Dawa ya tetrasaiklini, kwa mfano, hutia rangi ya manjano na kahawia katika meno ya mtoto, nayo haiondoki. Dawa ya ibuprofeni haifai kwa mama mwenye mimba kubwa. Muuzaji atajuaje asipouliza?

Tena mfamasia mwema hukataa. Mama huja na kusema, "Mtoto anahara, nipe kidonge cha kufunga tumbo." Mfamasia asiyetafuta faida tu hatampa. Atampa ule unga wa chumvi na sukari unaoitwa SRO, wa kuchanganya na maji safi, pakiti moja katika litre 1 kamili, na vidonge vya zinki vya kumeza kila siku kwa siku 10 hata 14. Mtoto anayehara anakufa kwa sababu maji yametoka mwilini. Kufunga tumbo hakurudishi maji. Mama huyo aliomba kitu kimoja, akarudi na kingine, naye amepata faida kubwa kuliko aliyoitaka.

Sasa tuseme juu ya malaria, kwa maana hapo ndipo watu hukosea zaidi. Wazee wanakumbuka klorokini, uchungu wake na jinsi ilivyowasha ngozi. Ilisaidia watu miaka mingi, lakini vijidudu vya malaria viliizoea, hata serikali yetu ikaiacha mwaka 2001. Tangu mwaka 2005 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali ni mbili zilizounganishwa, artesuneti na amodiakini, ya kumeza mara moja kwa siku, siku 3. Baadaye ikaongezwa nyingine, artemeta na lumefantrini, ya kumeza asubuhi na jioni, siku 3, pamoja na chakula. Kwa nini dawa mbili na si moja? Kwa sababu kijidudu kikiiponyoka ya kwanza, kitakutana na ya pili.

Lakini si kila homa ni malaria. Kipimo kidogo cha tone la damu kutoka kidoleni hutoa jibu kwa dakika 15 au 20. Ukienda famasi, uliza kwanza wapi utapimwa. Ukimeza dawa ya malaria, kumbe una homa ya matumbo au mapafu, umepoteza pesa, na tena umepoteza siku.

Halafu kuna desturi ya kununua nusu. Mtu ana pesa kidogo, anaomba vidonge vya siku moja, au anakata karatasi ya vidonge na kumgawia jirani. Twajua sababu yake: ni umaskini, si ujinga. Lakini angalia kinachotokea. Siku ya kwanza vijidudu vilivyo dhaifu hufa, homa hushuka, mgonjwa huomba chakula. Vile vyenye nguvu vimebaki. Dawa ikiachwa hapo, hao ndio watakaozaa, na ugonjwa utarudi. Ni vilevile kwa dawa za kuua bakteria, kama amoksisilini. Watu huzimeza kwa mafua, ambayo haziwezi kuyaponya, kisha huziacha siku ya pili. Baada ya miaka, mtoto mwenye ugonjwa wa mapafu hupewa dawa ileile, nayo haifanyi kazi tena.

Basi, mwenye pesa kidogo afanye nini? Asifiche. Amwambie mfamasia, "Nina franka hizi tu." Dawa nyingi zina majina mawili: jina la dawa yenyewe, na jina alilolitia mtengenezaji juu ya boksi ili aliuze ghali. Parasetamoli ni parasetamoli, hata boksi liwe na picha nzuri namna gani. Mfamasia anajua ile ya bei ndogo yenye kazi ileile, na kwa maoni yetu hii ni mojawapo ya kazi zake kubwa, ingawa watu wachache humwomba aifanye. Tena atakuonya usimeze parasetamoli ya aina mbili kwa majina mawili, kwa maana ikizidi huharibu ini.

Juu ya dawa za uongo, hatuna haja ya kwenda nchi za mbali. Katika Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo yetu, tangu Desemba 2014 hata Agosti 2015, mamia ya watu waliletwa hospitali, karibu elfu, shingo zimepinda, ulimi umetoka nje, macho yamegeuka juu. Wengi walikuwa watoto. Kwanza waganga walidhani ni ugonjwa wa utando wa ubongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa, ya wagonjwa wa akili. Wengine walikufa. Mgonjwa hakuweza kutambua kwa macho, wala muuzaji wa kijijini.

Tangu mwaka 2020 iko idara ya serikali iitwayo ACOREP ya kuandikisha na kukagua dawa. Hata hivyo dawa nyingi hufika kwetu kwa njia ndefu, nyingine kwa kupita Kasumbalesa, nyingine katika mizigo isiyokaguliwa na mtu. Kwa hiyo tazama boksi: tarehe ya mwisho inasomeka? Namba ya boksi ni ileile iliyo juu ya karatasi ya vidonge? Usinunue vidonge vilivyoanikwa katika jua la Oktoba juu ya meza ya soko. Jua huharibu dawa njema hata ikawa kama ya uongo. Na dawa kama insulini hutaka baridi, kati ya digrii 2 na 8. Uliza wakati umeme unapokatika wanaihifadhi wapi.

Je, duka dogo laweza kufanywa jema? Laweza. Katika Tanzania, mkoa wa Ruvuma, serikali ilianza mwaka 2003 kuwafundisha wauzaji wa maduka madogo na kuyakagua, ikawaruhusu kuuza dawa chache zilizochaguliwa. Yaliitwa Duka la Dawa Muhimu, na baadaye mpango ulienea katika nchi nzima. Katika Ufaransa wafamasia huchanja watu wazima dhidi ya mafua makali tangu mwaka 2019. Hata kwetu ziko famasi zinazopima damu inayopanda na sukari ya damu. Wenye magonjwa hayo hukutana na mfamasia mara nyingi kuliko mganga, naye ndiye wa kwanza kuona kwamba mtu hakuja kuchukua dawa za mwezi huu. Tunafurahi kwa mambo hayo. Lakini sindano zinazopigwa nyuma ya pazia la duka, bila kipimo na bila mganga, hizo hatuzisifu. Watu wetu hupenda mno sindano, kana kwamba uchungu wake ndio dawa.

Liko jambo moja ambalo famasi haiwezi, na mfamasia wa kweli atakuambia mara moja. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayelala bila kuamka, au anayepumua kwa shida. Mama mwenye mimba anayetoka damu: hao usiwapitishe dukani. Waende hospitali saa ileile, hata ikiwa usiku. Nawe chukua mkononi makaratasi ya dawa zote walizokwisha kumeza, na useme pia zile za miti, ili mganga ajue aanzie wapi.