Jinsi ya kumzoeza paka mwoga aliyekulia vichakani

MSIMU wa mavuno unapowadia katika kaunti za Kitui na Makueni, mahindi, kunde, ndengu na mtama huingizwa ghalani, na panya nao hufuata nyuma. Ndipo mkulima hukumbuka ule msemo wa wahenga kwamba paka akiondoka, panya hutawala.

Hata hivyo, paka wengi wanaozurura maeneo hayo si wa mtu yeyote. Wamezaliwa vichakani, nyuma ya maduka au karibu na vichinjio, na wamwonapo binadamu hutimua mbio. Je, paka wa aina hiyo aweza kufugwa? Jibu ni ndiyo, ila kazi yenyewe yahitaji subira na utaratibu.

Faida yake si haba. Panya hutoboa magunia, huchafua nafaka kwa mkojo na kinyesi, na matundu wanayoacha hupitisha unyevu na wadudu. Wakazi wa sehemu hizi wanajua madhara ya nafaka iliyoharibika, kwani mwaka wa 2004 watu 317 waliripotiwa kuugua kwa sumu ya kuvu na 125 kati yao wakafariki, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Paka hazuii kuvu. Kinga yake ni kuanika nafaka ikauke vyema na kuihifadhi mahali pakavu. Lakini humpunguzia mkulima haja ya kutega sumu ya panya karibu na chakula na watoto.

Kwa nini anaogopa?

Paka wote wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Kwa hiyo hofu imo katika damu yao, na mapenzi kwa binadamu ni jambo la kujifunza. Wataalamu wanaeleza kwamba kipindi muhimu cha kujifunza huko ni kati ya wiki ya pili na ya saba baada ya kuzaliwa. Mtoto wa paka anayeshikwa kwa upole kila siku katika wiki hizo hukua akimwona mtu kuwa rafiki.

Aliyekosa malezi hayo humwona binadamu kama adui anayetaka kumla. Iwapo amewahi kurushiwa mawe, hofu huzidi, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Paka mzima aweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kuzoea, na wengine hawakubali kamwe kushikwa.

Hatua za kufuata

Kwanza, mtengee chumba kidogo kilicho kimya, kama vile stoo. Usimkamate kwa mikono mitupu. Mtegee chakula ndani ya kizimba. Chumbani weka katoni yenye tundu la kuingilia na gunia kuukuu la kulalia, kwa sababu paka asiye na maficho hawezi kutulia. Karai lenye mchanga mkavu, ambao haukosekani kwenye mito ya msimu kama Tiva na Kaiti, litamfaa kwa haja zake.

Pili, mlishe kwa saa maalumu, asubuhi na jioni, na mtu awe yule yule. Ugali mtupu haumtoshi, kwani mwili wake wahitaji nyama au samaki. Omena au mabaki ya nyama yatafaa. Maji safi ni bora kuliko maziwa, ambayo huwaharisha paka wengi wazima.

Tatu, akiwa anakula, keti sakafuni mbali kidogo naye na uzungumze kwa sauti ya chini. Kila baada ya siku chache, sogea karibu kiasi. Usimkazie macho, kwani kwake huo ni uchokozi. Badala yake, fumba na kufumbua macho polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na wenzao ulionyesha kwamba paka huwa tayari zaidi kumkaribia mtu afanyaye hivyo.

Nne, mwache yeye aanze kukugusa. Anyooshapo shingo kunusa kidole chako, mkune shavuni kwa muda mfupi kisha uache. Akilaza masikio nyuma au kupigapiga mkia, ondoa mkono. Kumlazimisha mara moja kwaweza kubomoa kazi ya wiki nzima.

Baada ya wiki tatu au nne, akishazoea chakula na sauti yako, mfungulie mlango jioni kabla ya kumlisha ili njaa imrudishe.

Tahadhari

Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti tano zilizoteuliwa kuwa za kwanza katika mkakati wa kitaifa wa mwaka 2014 wa kuangamiza vifo vitokanavyo na maradhi hayo kufikia 2030. Mwone daktari wa mifugo ili paka achanjwe afikapo umri wa miezi mitatu, na umuulize kuhusu kumfunga uzazi, maana jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu.

Mtu akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Watoto waonywe wasimfukuze paka. Mama mjamzito asishike kinyesi chake. Na sumu ya panya iondolewe, kwani paka alaye panya aliyekula sumu hufa pia.

Ikiwa baada ya jitihada zote paka bado hataki kushikwa, usimfukuze. Mpe chakula, maji na pa kulala kando ya ghala. Hatakaa mapajani mwako, lakini panya watajua yupo.