Utafiti wa soko: Wingi wa majibu si hoja

MNUNUZI wa mchele anayeijua kazi yake hachomi bambo juu ya gunia mara moja akaridhika. Huchoma juu, ubavuni na chini, kisha huhamia magunia mengine, yakiwemo yale ambayo muuzaji hakuyasogeza mbele. Punje anazotoa hazijazi hata kikombe, lakini kwa hizo huamua kulipia lori zima.

Mfanyabiashara huyo huyo akitaka kujua kama sabuni mpya itanunuliwa, ujuzi huo huusahau. Huwauliza wateja wanaoingia dukani mwake, tena wale waliozoea kumsifu, kisha huagiza shehena.

Kosa la aina hiyo liliwahi kuliaibisha jarida kubwa la Marekani, Literary Digest. Jarida hilo lilibashiri sawasawa washindi wa uchaguzi wa rais wa 1920, 1924, 1928 na 1932. Mwaka 1936 lilituma karatasi za kura kwa watu wapatao milioni 10, wakajibu zaidi ya milioni mbili. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa takriban asilimia 57. Kura halisi zilipohesabiwa, Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kuchukua majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont. Mwaka 1938 jarida likafungwa.

Majina yalikuwa yameokotwa zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, fukara hakuwa na simu wala gari, na ndiye aliyemtaka Roosevelt. Aidha, zaidi ya robo tatu ya waliotumiwa karatasi hawakujibu, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Hata zingetumwa karatasi milioni 20 kwa orodha zile zile, kosa lingebaki pale pale.

Mtafiti George Gallup, kwa watu wapatao 50,000 tu, alimtaja mshindi. La kuudhi zaidi kwa jarida, kwa kuwauliza watu 3,000 kutoka orodha za aina ile ile alikwishatabiri kosa lake kabla halijatuma karatasi. Lakini Gallup naye aliangushwa mwaka 1948, alipompa ushindi Thomas Dewey dhidi ya Harry Truman. Aliwapa wahoji wake mgawo, wanaume kadhaa na wanawake kadhaa, halafu kila mhoji akajichagulia wa kumuuliza. Tena aliacha kuuliza wiki kadhaa kabla ya siku ya kura.

Dawa ni kumnyima mhoji uhuru huo. Mwenye soko la vizimba 600 aviorodheshe vyote, apige kura kupata namba moja kati ya 1 na 20, kisha ahesabu kila cha 20 kuanzia hapo. Atapata vizimba 30. Ajihadhari tu isije ikawa kila cha 20 ni cha pembeni, penye wapita njia wengi. Kama wauzaji wa jumla ni wachache lakini ndio wenye mzigo, awatenge na kuwachagulia kura yao peke yao.

Vizimba 30 vitamwonyesha mwelekeo, si asilimia za kujivunia. Watu 400 waliochaguliwa kwa kura hutoa jibu lenye kosa la takriban asilimia 5 juu au chini. Kulipunguza hadi 2.5 kunahitaji watu 1,600. Gharama mara nne kwa nusu ya kosa; hapo kila mtu apige hesabu na mfuko wake.

Kizimba kilichofungwa kirudiwe kesho yake, na keshokutwa ikibidi. Wahoji wengi huhamia cha jirani ili wamalize kazi mapema, ilhali huenda mwenyewe amefunga kwa sababu bidhaa inayoulizwa haitoki.