Mgeni, Jembe na Kura

Katika madarasa ya siasa husemwa mara nyingi kwamba kura ni haki ya raia, na mjadala ukaishia hapo. Kauli hiyo ni sahihi kisheria katika nchi nyingi, yetu ikiwamo. Lakini haielezi jambo. Inaliacha swali la msingi bila jibu: raia ni nani, na kwa kipimo gani? Makala haya yatalichambua swali hilo kwa kufuata mfano wa Ujerumani, ambako hoja ya kuwapa wageni kura katika serikali za mitaa ilijadiliwa mpaka ikafika mahakama ya juu kabisa ya katiba.

Chimbuko la Tatizo

Tatizo hili halikuzuka vichwani mwa wanasheria. Lilizaliwa viwandani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Ujerumani ya Magharibi vilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo nchini. Mwaka 1955 serikali ya huko ilitia saini mkataba wa kuajiri wafanyakazi kutoka Italia, na mwaka 1961 kutoka Uturuki. Watu hawa waliitwa "wafanyakazi wageni". Jina hilo lilikuwa na siasa ndani yake: mgeni huja, hutoa jasho lake, kisha hurudi kwao.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wafanyakazi hao walipewa jembe siku ya kwanza. Methali haisemi nini kifuate baada ya jembe, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Uajiri uliposimamishwa mwaka 1973, wageni waliokuwa kazini walikuwa kiasi cha milioni 2.6. Wengi walirudi makwao. Wengine wengi walibaki, wakaleta wake, waume na watoto, wakawa wakazi wa kudumu.

Sheria ya mwaka 1972 iliwapa wafanyakazi wageni haki ya kupiga kura na kuchaguliwa katika mabaraza ya wafanyakazi viwandani. Basi Mturuki aliweza kumwakilisha Mjerumani mwenzake mbele ya mwajiri, lakini akitoka getini jioni hakuwa na sauti juu ya shule ya mwanawe wala basi la mtaani kwake.

Hoja za Pande Mbili

Waliotetea kura ya mgeni walikuwa na hoja mbili. Kwanza, mgeni hulipa kodi, kwa hiyo ashiriki kuamua matumizi yake. Pili, anayetawaliwa na uamuzi lazima awe na sauti katika kuufanya.

Hoja ya kwanza huvutia, lakini ina hatari. Kura ikifungwa kwenye kodi, maskini asiyelipa kodi ataipoteza, na tajiri ataidai zaidi. Sisi tunakijua kipimo cha namna hiyo. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa na sheria. Wakulima walio wengi waliachwa nje. Kwa hiyo hoja yenye nguvu ni ile ya pili.

Waliopinga nao hawakuwa wapumbavu. Walisema kwamba raia hawezi kuukimbia uamuzi mbaya, ilhali mgeni anaweza kufungasha na kwenda kwao. Walisema pia kwamba mamlaka ya dola hutoka kwa umma, na kwamba halmashauri ni sehemu ya dola.

Hukumu ya 1990

Mwaka 1989 jimbo la Schleswig-Holstein lilipitisha sheria ya kuwapa kura za mitaa raia wa nchi sita, zikiwamo Denmark na Sweden, waliokaa nchini miaka mitano. Hamburg ilikwenda mbali zaidi: mgeni yeyote aliyekaa miaka minane angepiga kura katika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya. Tarehe 31 Oktoba 1990 mahakama ya katiba ilizifuta sheria zote mbili. Ilisema kwamba "umma" unaotajwa katika katiba ni umma wa Wajerumani, hata katika ngazi ya mtaa.

Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema jambo la pili, ambalo wengi hulisahau. Ilikiri kwamba si vema watawaliwa wa kudumu wakawa watu mbali na wenye haki za siasa. Dawa yake, ilisema, itafutwe katika sheria ya uraia.

Baada ya hapo yalitokea mambo mawili. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 ulilazimisha nchi wanachama kuwapa raia wa wanachama wenzao kura za mitaa, na katiba ya Ujerumani ikarekebishwa mwaka huo huo. Matokeo yake, Mwitaliano aliyehamia juzi hupiga kura mtaani, na Mturuki aliyekaa miaka arobaini bila uraia hapigi. Hapa tunaona kwamba mpaka kati ya "umma" na "wageni" si wa maumbile. Siasa iliuweka, na siasa iliusogeza.

Jambo la pili lilikuwa uraia wenyewe. Sheria ya mwaka 1913 ilifuata damu. Sheria mpya, iliyoanza kutumika mwaka 2000, iliwapa uraia watoto waliozaliwa nchini humo ikiwa mzazi mmoja amekaa kihalali miaka minane. Mwaka 2024 muda wa mtu mzima kuomba uraia ulipunguzwa hadi miaka mitano.

Sweden ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1976 mgeni aliyekaa miaka mitatu hupiga kura za mitaa. Mara ya kwanza walijitokeza kiasi cha asilimia 60 ya wenye haki hiyo. Baadaye idadi ilishuka. Haki kwenye karatasi haimwamshi mtu bila kazi ya kuelimisha.

Funzo Kwetu

Tanzania imeshika njia ya uraia. Mwezi Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliikataa hoja hiyo, akawa tayari hata kujiuzulu. Kuanzia mwaka 2010 zaidi ya wakimbizi 162,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia. Lakini hati zao zilianza kugawiwa mwaka 2014, na muda huo wa kungoja nao ni sehemu ya funzo.

Kwa hiyo anayesema "mgeni asipige kura mpaka awe raia" amechukua dhamana. Lazima aonyeshe kwamba mlango wa uraia uko wazi, kwamba masharti yake yanaweza kutimizwa na mtu wa kipato cha chini, na kwamba hati haikai kabatini. Mlango ukifungwa, kauli hiyo haiwi tena ulinzi wa taifa. Inakuwa njia ya kuwa na watu wa kushika jembe wasiokuwa na kauli juu ya shamba.

Maswali ya Majadiliano

1. Kati ya kodi, makazi, utii na kuzaliwa, kipimo kipi kinafaa zaidi kumpa mtu kura ya mtaa? Kwa nini?

2. Ikiwa mtu amezaliwa na kukulia kijijini kwenu bila uraia, ni nani anayewajibika kulitatua jambo lake, na kwa muda gani?