Nani Alipe Gharama za Utafiti?

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba fedha za utafiti wa sayansi ya tiba ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi yenye upungufu wa vitanda hospitalini haina haki ya kuwalipa wataalamu wakae maabarani wakichungua vitu visivyoonekana kwa macho. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi, na waitoao si wajinga. Twaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo, na twapenda kueleza sababu.

Na tumtazame kwanza Katalin Karikó, binti wa muuza nyama wa Hungaria. Mwaka 1985 maabara aliyofanyia kazi katika mji wa Szeged iliishiwa fedha, naye akapoteza kazi. Akahamia Marekani pamoja na mumewe na mtoto wao mdogo, na pauni 900 za Kiingereza zilizofichwa ndani ya mwanasesere wa mtoto mwenye sura ya dubu, kwa kuwa sheria za nchi yao hazikuruhusu mtu kutoka na fedha kiasi hicho. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na huko akashikilia jambo moja miaka nenda miaka rudi, nalo ni RNA mjumbe. Hiyo ndiyo barua ambayo chembe ya mwili huinakili kutoka katika hazina yake ya urithi, ikapelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Karikó aliamini kwamba barua hiyo yaweza kuandikwa na binadamu, ikatiwa mwilini, na mwili wenyewe ukajitengenezea dawa.

Taabu ilikuwa kwamba RNA ya maabarani ilipoingia mwilini, kinga ya mwili iliiona kuwa adui ikaishambulia. Basi kila alipopeleka maombi ya fedha yalirudi yamekataliwa, na mwaka 1995 akashushwa cheo. Mfanyakazi yeyote aliyepata kudharauliwa kwa kuwa kazi yake haikuleta faida ya haraka atafahamu uchungu wake. Hakuacha. Mwaka 1997 alikutana na Drew Weissman penye mashine ya kunakili karatasi (wala si katika kikao cha kamati, twaomba izingatiwe), na mwaka 2005 wawili hao wakaonyesha kwamba ukiibadili kidogo mojawapo ya herufi za barua ile, mwili huipokea kwa utulivu. Wengi hawakujali. Ikapita miaka kumi na mitano, maradhi ya UVIKO-19 yakaikumba dunia, na kabla ya mwisho wa 2020 chanjo zilizojengwa juu ya ugunduzi huo zikawa tayari. Mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wataalamu waliopekua matumizi ya serikali ya Marekani, wakatangaza matokeo yao mwaka 2023 katika jarida la BMJ, walikuta kwamba tangu 1985 mpaka Machi 2022 serikali hiyo ilitoa dola zipatazo bilioni 31.9 kwa ajili ya chanjo hizo, nyingi zikiwa za kununulia chanjo zenyewe. Kati ya hizo, zilizotolewa kabla ya maradhi kuzuka ni dola milioni 337 tu. Maana yake, katika kila dola mia, dola moja na senti chache ndiyo iliyotoka wakati wa kupanda. Nyingine zote zilimwagwa moto ulipokwisha kuwaka.

Na huo ni mkasa wa nchi yenye fedha. Sisi katika mwaka 2021 tulingoja wenye nacho washibe kwanza. Ndipo Shirika la Afya Duniani likaanzisha kituo cha ufundi wa RNA huko Cape Town, katika kampuni ya Afrigen. Mwanzoni mwa 2022 wataalamu wa hapo walikuwa wamekwisha kutengeneza chanjo yao kwa kufuata habari za chanjo ya Moderna zilizotangazwa hadharani, bila ya kusaidiwa na kampuni hiyo. Misri, Kenya, Nigeria, Senegal, Tunisia na Afrika ya Kusini yenyewe zikatajwa kuwa za kwanza kupokea ufundi huo. Twayataja haya asije mtu akasema Mwafrika hawezi.

Lakini mwenye kulipa ndiye mwenye kusimamisha. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mradi wa chanjo ya UKIMWI uitwao BRILLIANT, ulioongozwa kutoka Afrika ya Kusini kwa fedha za Wamarekani, ulisimama ukiwa ukingoni mwa majaribio, na wenyewe wakabaki kutafuta riziki kwingine. Agosti ya mwaka huo huo Marekani ikatangaza kufunga miradi yake 22 ya chanjo za RNA, yenye thamani ipatayo dola milioni 500. Hayo yaliamuliwa na watu ambao hatukuwachagua, wala hawana wajibu wa kutujibu.

Tuwarudie basi ndugu zetu wa vitanda. Vitanda hivyo vimejaa nani? Mmojawapo ni mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye chanjo pekee iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wake, yaani BCG, ilitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921. Zaidi ya miaka mia imepita! Lau kifua kikuu kingalikuwa kinaua matajiri wa New York kama kinavyoua makuli na wachimba migodi, hatudhani wangalingoja karne nzima.

Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya ikapita mbele, na sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 ikataja asilimia mbili. Wastani wa nchi zilizo kusini mwa Sahara haujafika hata nusu ya asilimia moja. Bajeti itakaposomwa mwezi wa Juni, twawaomba waheshimiwa wabunge walitafute fungu la utafiti, wasome tarakimu yake kwa sauti, kisha wamwulize waziri ni kiasi gani cha fedha hizo kimewafikia wataalamu tangu bajeti iliyopita.